Uwezo wa Kuhimili Msongo Unapopungua: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa aweze kutofautisha ukubwa wa msongo na upungufu wa uwezo wa kuuhimili, kuzitambua dalili za upungufu huo kwake mwenyewe na kwa mwenzake, na kueleza kinachotokea mwilini.

1. Maana

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapa ndipo alama nyingi hupotea. Nomino "msongo" imetokana na kitenzi "songa", yaani kubana au kukandamiza pamoja. Ni songa ileile ya kusonga ugali. Kwa hiyo msongo wa mawazo si mawazo kuwa mengi tu, bali ni kule kubanwa nayo. Neno la pili ni "himili", yaani kubeba uzito bila kuanguka. Humo ndimo tunamopata "mhimili", nguzo inayobeba jengo, na ndugu zake ni "stahimili" na "ustahimilivu".

Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja utaona kuwa kuna mzigo na kuna mbebaji. Watahiniwa wengi wakiulizwa juu ya msongo huandika habari za mzigo peke yake: umaskini, ugomvi wa wazazi, hofu ya mtihani. Somo hili linahusu mbebaji.

Anayeishi Kilwa Masoko huenda amewahi kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mkondo ule si mpana. Sasa tazama madau mawili yanayovuka saa moja, yakipigwa na wimbi lilelile. La kwanza lina abiria sita, na kingo zake zimesimama juu ya maji. La pili limepakia mifuko ya saruji, madumu na watu hadi ukingo umebaki shubiri moja tu, na kalafati yake imekwisha, kwa hiyo maji yanapenya polepole kwa chini. Dau la kwanza litatikisika. La pili litajaa maji. Akitokea mtu aliyesimama ufukweni akauliza, "Wimbi lenyewe dogo vile, limezamaje?", atakuwa ameuliza swali la wimbi ilhali jambo ni la dau.

Fasili: Upungufu wa uwezo wa kuhimili msongo ni hali ambayo mambo aliyokuwa mtu akiyabeba bila taabu yanaanza kumwelemea, ingawa mambo yenyewe hayajaongezeka ukubwa.

Ishike fasili hiyo, hasa maneno "aliyokuwa akiyabeba". Bila hayo, jibu lako litakuwa fasili ya msongo wa kawaida.

2. Kisa cha mwaka 2024

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilisogea pwani yetu kutoka Bahari ya Hindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema, na tarehe 4 Mei kimbunga kikafika nchi kavu upande wa Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Kilichotuumiza sisi wa Kilwa zaidi ni maji. Mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimeilowesha ardhi tangu mwisho wa mwaka 2023, na ardhi iliyolowa hainywi tena. Mvua ya Hidaya ilipoongezeka juu yake, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo. Mabasi na malori yakasimama pande zote mbili kwa siku kadhaa.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha kidato cha nne katika shule moja ya wilaya hii. Mmoja wa wanafunzi wangu (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) alitoka katika familia inayouza chakula kwa abiria wa mabasi. Barabara ilipokatika, biashara ikafa. Nyumba ikaingia maji, na wadogo zake wakahamishiwa kwa shangazi yao. Walimu wote tulikuwa tunamtazama yeye, lakini hakulia. Alianika madaftari yake juani kama mtu anayeanika dagaa, akayanakili upya yale ambayo wino wake ulikuwa umefutika, na katika mtihani wa utamilifu akapata alama nzuri kuliko za mwaka wa nyuma yake. Tulimsifu mstarini mbele ya shule nzima.

Mwezi Agosti mwenzake alimvunjia rula. Ni rula ya plastiki, ya shilingi mia chache. Alipiga kelele, akararua daftari la yule mwenzake, kisha akalia kipindi kizima cha Hisabati. Nikamwita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, rula ndiyo ya kuliliwa hivi? Wewe uliyeyashinda mafuriko?"

"Sijui, mwalimu. Hata mimi mwenyewe sijui."

"Basi acha kudeka. Mtihani umebaki miezi mitatu."

"Sawa, mwalimu."

Alisema kweli kwamba hajui. Mimi, mtu mzima mwenye shahada, nilikuwa yule wa ufukweni anayepima udogo wa wimbi. Wiki mbili baadaye mlezi wa bweni ndiye aliyenieleza mambo ambayo ningeyapata siku ile kama ningeuliza. Tangu Mei binti alikuwa anaamka saa tisa usiku kila siku kujisomea. Uji wa asubuhi alikuwa haunywi. Netiboli alikuwa ameacha, na kichwa kilimuuma karibu kila wiki. Alipopelekwa zahanati alikutwa na malaria, na damu yake ilikuwa pungufu.

Dau lilikuwa limepakiwa tangu Mei, na hakuna aliyelitazama kwa sababu lilikuwa bado linakwenda. Nimekiweka kisa hiki katika kitabu cha marudio kwa kuwa kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, ninamwona angalau mwanafunzi mmoja wa namna hii. Mara nyingi ni yule anayesifiwa.

3. Kinachotokea mwilini

Hapa Stadi za Maisha zinakutana na mada ya Uratibu katika Biolojia, kwa hiyo soma mara moja upate pande mbili.

Ubongo unapotambua hatari, sehemu yake iitwayo haipothalamasi hutuma ujumbe kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva na ni ya haraka sana. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo hupiga kasi, sukari huongezeka kwenye damu, misuli hupata damu zaidi, na usagaji wa chakula hupunguzwa. Ndiyo maana mtahiniwa hukaukwa na mate mlangoni mwa chumba cha mtihani, na tumbo humvuruga. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza mwaka 1915 kuwa hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Njia ya pili ni ya homoni na huchukua dakika kadhaa: haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zitoe kotisoli, homoni inayohakikisha mwili una nishati ya kuendelea na mapambano.

Hadi hapo hakuna ubaya. Robert Yerkes na John Dodson walionyesha mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo wa kiasi husaidia kujifunza kazi ngumu, na ukizidi huharibu. Kwa hiyo usijiwekee lengo la kuingia mtihani bila hofu yoyote. Asiyehisi kitu kabisa mara nyingi hakujiandaa.

Taabu huanza mapambano yasipokwisha. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Aliwaweka panya kwenye baridi, akawaumiza, akawafanyisha kazi nzito, akawapa sumu kwa kiasi kidogo. Mateso yalikuwa tofauti, lakini miili iliitikia kwa namna moja. Selye akaona hatua tatu, na hizi zikariri: kushtuka, kuhimili, kuchoka. Hatua ya pili ndiyo inayotudanganya. Ndani yake kiumbe anaonekana mzima, pengine imara kuliko awali, huku akiwa anatumia akiba. Yule binti alipopata alama nzuri katika mtihani wa utamilifu alikuwa katika hatua ya pili, na sisi tukaichukulia kuwa ni kupona.

Selye alidhani kuchoka ni kwisha kwa akiba fulani ya mwili. Wanasayansi waliofuata wamelirekebisha jambo hilo. Mwaka 1993 Bruce McEwen na Eliot Stellar waliandika kuwa kinachomchakaza mtu ni mitambo ya dharura kukaa imewashwa muda mrefu, kama jenereta lisilozimwa. Homoni hazikauki, zinakuwepo saa ambazo hazitakiwi. Kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku, hubaki juu wakati wa kulala. Usingizi ukiharibika, kesho yake mwili huanza siku ukiwa tayari na deni. Tena kotisoli ikiwa juu huzuia ubongo kulitoa jambo lililokwisha kuhifadhiwa. Kama umewahi kukaa mbele ya swali unalolijua, ukaona hata ukurasa wa daftari ambamo jibu limo, na jibu lenyewe lisije, basi hukusahau. Mlango ulikuwa umefungwa kwa muda.

Mtahiniwa ajihadhari na jambo moja. Wapo wanaouza vidonge na poda kwa madai ya kutibu "tezi za adrenali zilizochoka". Madaktari wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Upo ugonjwa wa kweli wa tezi hizo kushindwa kazi, alioueleza daktari Thomas Addison wa London mwaka 1855, na kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake; lakini ni wa nadra, hupimwa hospitalini na hutibiwa hospitalini. Dawa za "kuongeza kumbukumbu" zinazotembezwa karibu na shule kila ikifika Oktoba nazo ziache zipite na mwenye nazo.

4. Dalili: jilinganishe na wewe wa zamani

Vitabu vingi hupanga dalili katika mafungu manne: za mwili, za hisia, za fikra na za mwenendo. Mtihani ukikuuliza, tumia mpangilio huo. Lakini kwa kujitambua mwenyewe, mpangilio huo haukusaidii sana, kwa sababu kila mtu ana kitu fulani katika kila fungu. Kuna wanaoumwa kichwa tangu darasa la tatu. Kuna wenye hasira tangu kuzaliwa. Kipimo sahihi ni mabadiliko. Jiulize: mimi wa Februari na mimi wa leo, nani anabeba vizuri zaidi?

Mabadiliko ya kwanza kuyatazama, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko yote, ni muda unaotumia kurudi katika hali yako ya kawaida. Kila mtu hukasirika. Kama zamani ukikosana na mwenzako asubuhi, ilipofika mchana mlikuwa mnagawana muhogo wa kukaanga, na sasa jambo dogo la Jumatatu bado linakuwasha Alhamisi, ujue ukingo wa dau umeshuka. La pili ni uwiano: machozi ya rula, ugomvi wa zamu ya kuteka maji, mkono kutetemeka kwa kuitwa jina darasani. Jambo ni dogo, mwitikio ni mkubwa, na mwenyewe anashangaa pamoja na wanaomtazama.

Halafu usingizi. Mwenye mawazo ya kawaida huchelewa kulala siku mbili tatu kisha hulala. Hapa mtu amechoka kweli, anajilaza, usingizi hauji. Au anashtuka saa nane usiku moyo ukimwenda mbio na harudi tena usingizini. Katika fikra, utaona unasoma aya moja mara nne. Unafanya makosa ya kukopi, unaruka swali bila kujua. Maamuzi madogo, kama uanze na Historia au Jiografia, yanakula nusu saa.

Katika mwenendo, wasichana na wavulana mara nyingi hawafanani, na sisi walimu huwaona wasichana upesi kwa sababu wengi wao hulia. Mvulana huonekana mkorofi. Anaanza kuwachokoza wadogo, anajibu walimu kwa ukali, anacheka pasipo kichekesho, anajaribu bangi. Au anatoroka. Hapa pwani zikifika siku za giza, vyombo vya dagaa vinapotoka na taa zao, kuna wavulana ambao hawaonekani darasani wiki nzima. Baadhi yao wanafuata pesa, na familia zinawategemea. Wengine, ukiongea nao taratibu, watakuambia kuwa chomboni kazi inaonekana mwanzo na mwisho wake, na darasani hauonekani. Huyo wa pili adhabu peke yake haitamrudisha.

Tofautisha pia hali hii na sonona. Aliyepungukiwa uwezo wa kuhimili, akipata siku tatu za kulala na kula, mara nyingi huonekana kuinuka. Mwenye sonona huzuni haimwachi kwa wiki mbili na zaidi, hapati raha hata katika yale aliyoyapenda, na anajiona hana thamani. Hali ya kwanza isiposhughulikiwa inaweza kumpeleka katika ya pili.

5. Kabla ya kusema ni msongo

Sehemu hii haimo katika vitabu vingi vya Stadi za Maisha, nami naiona ya lazima kwa mwanafunzi wa Lindi. Malaria, upungufu wa damu, minyoo na kichocho huleta uchovu, kukosa umakini, hasira za haraka na kichwa kuuma. Selimundu pia, na kifua kikuu. Mtu mwenye mojawapo ya hayo anaweza kuhubiriwa juu ya kupanga ratiba hadi Novemba, na asipate nafuu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni zahanati: apime malaria, apime wingi wa damu, na kama anakojoa damu aseme bila aibu, hasa kama ameogelea au kuvua kwenye mito na mabwawa. Wapo wazazi watakaosema mtoto ana mashetani. Sitabishana nao hapa. Naomba tu apimwe damu kwanza.

Na kwenda kuzungumza na mhudumu wa afya juu ya akili hakumaanishi kuwa mtu anapelekwa Mirembe. Utani huo wa mabwenini umewanyamazisha watu waliohitaji kusema.

6. Hatua za kuchukua

Nahodha ambaye dau lake linaingia maji hufanya mambo matatu, tena kwa mpangilio. Kwanza anafua maji. Pili anapunguza shehena. Tatu, akifika, analipandisha chombo ufukweni na kukalafati. Hajaribu kukalafati katikati ya bahari, wala hatupi usukani akaanza kujilaumu kwa kupakia sana.

Kufua maji ni usingizi na chakula, leo hii, kabla ya ratiba mpya. Kijana wa umri wako anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi. Najua bweni lina kengele yake, na sikuambii uivunje. Lakini anayelala saa tano usiku akaamka saa tisa amelala saa nne tu, na usiku ndipo ubongo unapoyapanga yale uliyosoma mchana. Anayekesha anasoma kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine. Uji wa asubuhi unywe hata kama ni mwepesi. Kama ni mwezi wa Ramadhani nawe umefunga, rudisha usingizi huo mchana au mapema jioni, na daku usiiache.

Kupunguza shehena ni kuacha kitu kimoja kwa jina. Usiandike "nitapunguza mawazo". Andika: "Uongozi wa klabu namkabidhi makamu hadi Desemba." Au: "Masomo mawili ya jioni nitayasoma Jumamosi." Kwa wanaokaa nyumbani, zungumza na mkubwa mmoja kuhusu zamu za kazi. Mama au baba asipoelekea kusikia, mara nyingi bibi, shangazi au mjomba atakuombea. Kuna shehena usizoweza kuzishusha: barabara iliyokatika, malipo ya korosho au ufuta yaliyochelewa, ugonjwa wa mzazi. Hizo zitaje kwa mtu, kwa sababu mzigo unaojulikana na watu wawili haupimwi kwa nguvu za mmoja.

Wengi hushindwa hapo kwa kukosa maneno, kwa hiyo nakupa haya uyabadilishe upendavyo: "Shikamoo, mwalimu. Naomba dakika kumi. Tangu mwezi uliopita silali vizuri, na mambo madogo yananishinda. Sijui nianzie wapi." Inatosha. Mwalimu wa unasihi, mlezi wa bweni, mhudumu wa zahanati, imamu au padri, yeyote unayemwamini anaweza kuwa wa kwanza. Akikujibu kama mimi nilivyomjibu yule binti, usiseme "sawa" ukanyamaza. Nenda kwa wa pili.

Likiwepo wazo la kujidhuru au la kutamani kufa, lako au la mwenzako, siri inakoma hapo hapo. Siku hiyohiyo aambiwe mtu mzima, na mwenye wazo hilo asiachwe peke yake. Simu ya Mtoto namba 116 hupigwa bure kutoka mtandao wowote nchini.

Kukalafati huja baadaye, maji yakiwa yametulia: mazoezi, ibada, michezo, kupanga muda wa kusoma, urafiki. Vitabu vingi huanza na haya na kumaliza nayo. Ni mazuri, lakini ukimpa ratiba ya mazoezi mtu ambaye hajalala tangu Mei, umemwongezea mfuko wa saruji.

Yule binti alitibiwa malaria, akapewa dawa za kuongeza damu, na mlezi wa bweni akamnyang'anya tochi. Nilimwomba radhi mbele ya mwenzake aliyeraruliwa daftari, naye akamwomba radhi mwenzake. Hakurudi haraka kuwa yule wa Juni. Hadi Septemba bado alikuwa analia kwa mambo madogo, ila alikuwa anasema mapema: "Mwalimu, leo dau limejaa." Alifanya mtihani Novemba pamoja na wenzake.

7. Swali la mfano na maoni ya mwalimu

Swali: Kwa kutumia mifano, eleza tofauti kati ya msongo mkubwa na upungufu wa uwezo wa kuhimili msongo. (Alama 5)

Jibu dhaifu: "Msongo mkubwa ni pale mtu anapokuwa na matatizo mengi kama umaskini na mafuriko. Upungufu wa uwezo ni pale mtu anapokuwa mvivu na hana moyo wa ujasiri."

Maoni: Nusu ya kwanza inakubalika. Nusu ya pili imeigeuza hali kuwa tabia. Uvivu na woga si fasili, ni hukumu. Mtahini atatafuta wazo la mabadiliko ya mbebaji, na hapa halimo.

Jibu zuri: "Msongo mkubwa hutokana na uzito wa tukio lenyewe, kwa mfano kupoteza nyumba kwa mafuriko, karibu kila mtu angeelemewa. Upungufu wa uwezo wa kuhimili ni hali ya mtu, ambapo hata tukio dogo aliloweza kulibeba zamani, kama kuvunjiwa rula, humwelemea sasa, kwa sababu ya uchovu wa muda mrefu, kukosa usingizi, ugonjwa au mizigo iliyorundikana. Hali ya kwanza yaweza kuzaa ya pili."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayomtenga aliyeelewa na aliyekariri.

Maswali ya kujipima

1. Kutokana na kitenzi "himili", unda nomino mbili na kitenzi kimoja cha kutendeka. Tumia kila neno katika sentensi inayohusu maisha ya shule.

2. Taja hatua tatu za Selye. Eleza kwa nini hatua ya pili ni rahisi kudhaniwa kuwa ni afya njema.

3. Fafanua njia mbili ambazo ubongo hutumia kuziamsha tezi za adrenali, ukionyesha ipi ni ya haraka zaidi na kwa nini.

4. Fupisha sehemu ya 2 kwa maneno yasiyozidi 80, bila kuacha kosa la mwalimu.

5. Mwenzako wa bwenini amebadilika tangu likizo ya Juni. Ana hasira, anaumwa kichwa mara kwa mara na hali asubuhi. Andika mazungumzo ya mistari 12 kati yako na mlezi wa bweni ukimweleza jambo hili, ukizingatia heshima na kuepuka kumhukumu mwenzako.

6. Chora jedwali la safu mbili: "Mimi wa Februari" na "Mimi wa leo". Jaza usingizi, chakula, muda wa kutulia baada ya kukasirika, na kitu kimoja ulichoacha kukifurahia. Swali hili halisahihishwi na mtu. Safu zikitofautiana sana, rudi sehemu ya 6 na usome yale maneno ya kumwambia mwalimu.